Saa ya Meli na Saa ya Mji

Katika wiki yangu ya mwisho kazini, Nadine, msichana aliyerithi meza yangu, aliniuliza kwa nini saa ya shaba iliyo ukutani karibu na dirisha iko mbele kwa saa nzima na hakuna aliyewahi kuirekebisha. Nikamwambia ni habari ndefu. Akasema, "Basi iandike, Mama Hadija. Ukishaenda tutaishusha tu, maana wageni wanatucheka."

Ndiyo maana ya karatasi hizi. Sikusoma sana. Nilimaliza shule ya msingi Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa mjini, nikafanya miaka miwili ya kupiga taipu na kupanga mafaili, basi. Lakini miaka yote ya kazi niliandika katika madaftari madogo kila jioni, mistari mitano au sita, na ninayo mbele yangu sasa. Pale daftari linaposema hivi na kichwa changu kinasema vile, nitafuata daftari. Na Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata kwenye simu. Kile cha nyumbani nimekiacha katika midomo ya watu, mtakikuta humu.

Niliajiriwa kupokea simu serikalini kwa sababu ya Kiswahili. Wakubwa wa ofisi yetu walikuwa wamesoma sana, kwa Kifaransa. Serikali ilipoanza kufikiria kuomba kuingia katika Jumuiya ya nchi za mashariki, simu zikaanza kuja kutoka Arusha, na waliopiga walizungumza Kiingereza au Kiswahili. Wakubwa wakawa wanapokea, wanasikiliza, wanasema "yes, yes", kisha wanaweka mkonga wa simu chini na kuulizana wamekubali nini.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Salvatori, mkuu wa chumba cha simu, mtu mrefu mwenye sweta ya kijani ambayo hakuivua hata wakati wa jua kali. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"We unajua Kiswahili?"

"Ndiyo, mzee."

"Cha wapi?"

"Cha Buyenzi."

Akafikiri. "Itafaa. Ao aitafaa. Tutaona."

Alinionyesha meza ya simu: mashimo ya laini, nyaya zenye vichwa vya chuma, taa ndogo nyekundu. Waya wa tatu ulikuwa mbovu. Ulipaswa kuushika kwa kidole wakati wote wa mazungumzo. Kidole changu cha kati bado kina sugu yake. Kisha akanionyesha rejista, kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na penseli iliyofungwa kwa uzi ili wakubwa wasiichukue. Kila ujumbe uliandikwa humo: nani kapiga, kasema nini, saa ngapi, na mwisho wa mstari jina la aliyepokea. Jioni mzee alikuwa akisaini chini ya ukurasa.

Alinipa sheria moja tu. "Mutu akikwambia kitu, mrudishie. Maneno yake, si yako. Akisema ndiyo, apo njo uandike."

Nimeifuata sheria hiyo mpaka Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mwisho kazini. Nitaeleza mbele jinsi ilivyonisaliti mara moja, nikiwa nimeifuata sawasawa.

Miezi ya kwanza nilichekwa. Mtu wa Arusha aliyekuwa akipanga vikao aliitwa Elibariki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba vizuri. Mara ya kwanza alipomtaka Mkurugenzi wetu nilimjibu kama ninavyojibu nyumbani, "Apana, shefu aiko."

"Dada, umesema haiko?"

"Ndiyo, aiko."

"Kwani mkuu wako ni meza?"

Nilikasirika, lakini usiku ule niliandika katika daftari: *mtu hayuko, kabati haliko, meza haiko.* Kesho yake nikaanza kumsikiliza vizuri. Kila neno lake nililolisikia kwa mara ya kwanza nililiandika pembeni ya rejista, mpaka Mzee Salvatori akanikataza, akaniletea karatasi zangu mwenyewe. Sijui kama nilijifunza Kiswahili safi. Elibariki alikuwa akisema ninazungumza kama redio yenye betri dhaifu.

Sasa niseme juu ya wakati wenyewe, maana ninyi vijana mnaona Jumuiya kama kitu kilichokuwepo siku zote. Tulikuwa bado katika vita. Kabla ya hapo majirani walikuwa wametuwekea vikwazo, na mume wangu, Kassim, aliyekuwa mpagazi bandarini, alikaa miezi mingi akiitazama winchi isiyotembea. Wapo waliosema, mutu akufungie mulango kisha umuombe kuingia kwake? Wapo waliosema tusipoingia tutabaki kisiwa kisicho na bahari. Sikuwa na elimu ya kuamua, na hata leo sina. Nilijua tu kwamba meli za Kigoma zikija Kassim hurudi nyumbani amechoka na anaimba, na zisipokuja hurudi hajachoka na hasemi.

Ombi la kwanza lilipelekwa. Dosiye, faili lenyewe la ombi, ilikuwa nene kama mto wa kulalia. Wiki nyingi zikapita. Kisha siku moja, mchana, taa ya laini ya tatu ikawaka, nikaweka kidole changu kwenye waya.

"Dada Hadija, andika," alisema Elibariki. "Kamati inakaa kesho. Wana maswali juu ya ombi lenu. Mkuu wako awe kwenye simu saa tatu kamili asubuhi, nami nitampigia."

"Kesho, saa tatu kamili asubuhi, Mkurugenzi awe kwenye simu."

"Hivyo hivyo."

Nikaandika. Kwa kuwa wakubwa walisoma kwa Kifaransa, nikaweka 9h00, nikapiga mistari miwili chini yake. Penseli ikavunjika. Nikaenda kuichonga, na niliporudi taa nyingine ilikuwa ikiwaka, kwa hiyo mwisho wa mstari, mahali pa jina la aliyepokea, sikuandika kitu. Jioni Mzee Salvatori akasaini ukurasa.

Mkurugenzi alifurahi sana. Alikuwa mtu mpole aliyeishi Kibenga, karibu na ziwa, mwenye desturi ya kufika ofisini saa mbili na nusu. Alisema hiyo itamtosha, atakuwa na nusu saa ya kupanga karatasi.

Kesho yake nilifika saa moja na nusu. Nikafuta meza, nikaujaribu waya wa tatu. Saa mbili kamili taa ikawaka.

"Dada, niunganishe na mkuu wako. Kamati imekaa."

"Bado, kaka. Ulisema saa tatu."

"Ndiyo. Ni saa tatu."

Nikatazama saa yetu ya ukutani. "Ni saa mbili."

Nilisikia nyuma yake viti vikisogezwa na mtu akikohoa. "Dada," alisema polepole, "huko kwenu ni saa mbili?"

Hapo nikaelewa. Jua linawafikia wao kwanza. Saa yao iko mbele ya yetu kwa saa nzima, jambo ambalo mtoto wa shule analijua, na mimi nilikuwa nimelijua pia, kama mtu anavyojua jina la mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Nilikuwa nimemrudishia maneno yake sawasawa, naye akayakubali sawasawa. Saa tatu na saa tatu. Hakuna aliyesema uongo.

Nikamwambia, "Ngoja, nakuomba." Nikapiga simu nyumbani kwa Mkurugenzi. Mpishi akajibu, "Ameisha kwenda. Ameenda misa, kuombea iyo kikao yenu."

Mzee Salvatori aliinuka kwenye kiti. Alisoma uso wangu, akatoka na sweta yake kumtafuta dereva, wakaenda kanisani. Nilibaki nikimwambia Elibariki kila dakika tatu kwamba yuko njiani. Nimeandika katika daftari kwamba nilisema hivyo mara kumi na tatu. Haikuwa kweli. Sikujua yuko wapi. Mkurugenzi aliingia saa mbili na dakika arobaini, tai mkononi, akashika mkonga, akasema kwa Kiingereza alichokuwa amekikariri, "Good morning, Your Excellencies." Laini ilikuwa imebaki na Elibariki peke yake.

"Wameendelea na mambo mengine," alisema. "Pole sana. Mtajulishwa."

Barua ilipokuja, ilikuwa na sababu nyingi, na nataka kuzisema kwa haki. Amani haijatulia. Sheria za forodha hazilingani. Kuna makaratasi hayakutafsiriwa. Zote zilikuwa kweli, na hata moja tu ingetosha kuturudisha nyuma. Lakini mwisho kabisa, peke yake, kulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba mwombaji hakupatikana kutoa maelezo katika saa iliyopangwa. Mkurugenzi aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akatuita mimi na mzee.

"Nani aliandika saa tisa ya Kizungu?"

Nilifungua mdomo. Nimeandika katika daftari kwamba nilifungua mdomo, nami naamini, ila hakuna kilichotoka.

"Mimi ninasaini rejista," alisema Mzee Salvatori. "Ukurasa uko wangu."

Mkurugenzi akatazama mwisho wa mstari. Hapakuwa na jina. Ilikuwa wiki ya hasira kubwa huko juu, na mtu fulani alipaswa kuonekana ameadhibiwa. Mzee akahamishiwa Buterere, kwenye ghala la makaratasi ya zamani, mahali ambapo maji hupanda kila mvua kubwa na mashamba ya mpunga yanaanzia nyuma ya ukuta. Alikunja sweta yake. Nafikiri ndiyo mara pekee niliyomwona bila hiyo sweta.

Jioni ile nilimweleza Kassim. Alikuwa ananawa miguu uani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mama, sisi kule bandarini tunauliza kila siku."

"Munauliza nini?"

"Nahodha wa Kigoma akisema tunapakuwa saa ine, tunamwambia, saa ya meli ao saa ya muji? Meli inatembea na saa ya kwao. Kila mupagazi anajua."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo nyumbani kwangu tangu nilipoolewa. *Leo tulianza saa kumi na mbili ya meli.* Niliyasikia kama mtu anavyosikia mvua. Wasomi wote wa ofisi ile, na mimi karani wao, na jibu lilikuwa linanawa miguu uani kwangu.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Mkurugenzi. Nikamwambia kwamba mkono ulioandika ni wangu. Hakupandisha sauti. Alisema kwa Kirundi kwamba alikuwa ameutambua mwandiko tangu mwanzo. Kisha akasema jambo ambalo ni lazima niliandike, kwa sababu wengi walimsema vibaya baadaye: "Nimefika Arusha mara mbili, Hadija. Nilirekebisha saa yangu ya mkononi kwenye ndege mara zote mbili. Sikukuuliza." Nilimwomba amrudishe mzee. Alisema barua ya uhamisho imekwisha kusainiwa na aliye juu yake. Alijaribu; niliona nakala ya barua yake. Haikujibiwa.

Basi nikaamua kwamba katika chumba kile kosa lile halitatokea tena nikiwa hai. Niliomba stoo wanipe saa ya pili. Wakasema ofisi ina saa moja na hiyo inatosha. Niliomba tena kwa maandishi. Nikaomba mara ya tatu, wakaniuliza kama mimi ni mtu wa kutaka makubwa. Kassim ndiye aliyeniletea hii mnayotaka kuishusha. Ilitoka katika chombo kikuukuu cha mizigo kilichokuwa kikivunjwa bandarini. Nahodha wa chombo hicho alimpa mbele ya wenzake wote, na nilihakikisha hilo, nisije nikaning'iniza kitu cha wizi katika ofisi ya serikali. Ilikuja ikiwa na saa ya Kigoma. Niliigongea msumari mwenyewe, Jumamosi. Kisha nikachora kwa rula safu mpya katika rejista, na juu yake nikaandika: *Saa ya nani.*

Wakubwa walilalamika kwamba safu ile inawapotezea muda. Mmoja aliniita Bi Saa-ya-Nani, na jina likashika kwa miaka. Sikuacha. Simu ikitoka Goma, nauliza. Ikitoka Kigali, nauliza, ingawa najua saa yao ni yetu. Mtu akipiga kutoka ghorofa ya juu, nauliza. Huyo ndiye aliyeleta lile jina.

Ombi likapelekwa tena. Miaka ilikuwa imepita, dosiye imekuwa nyembamba na nzuri zaidi, na Mkurugenzi alikuwa bado yuleyule, mvi zimeongezeka. Elibariki akapiga.

"Dada Hadija, Alhamisi. Saa nne asubuhi."

Nilikuwa na Kiswahili chote nilichojifunza, lakini hofu ikaniletea cha nyumbani. "Saa ya meli ao saa ya muji?"

"Dada, huku Arusha hatuna meli. Tuna mlima."

"Saa yenu au yetu?"

"Aa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nafikiri alikumbuka. "Yetu, dada. Yetu. Saa nne ya mlima."

Niliandika: *Meli saa nne, mji saa tatu.* Nikaandika jina langu mwisho wa mstari kabla sijaugusa waya mwingine.

Alhamisi Mkurugenzi alikaa mbele ya simu tangu saa moja na nusu. Nilimuuliza kama hakwenda misa. Akasema amesali jana, kwa saa zote mbili. Simu ikaja kwa wakati. Laini ilikatika mara mbili, na kila iliporudi nilikaa nayo nikimweleza Elibariki habari za mvua na mpunga na chochote, ili fundi wa mitambo asidhani imekufa akaichomoa. Kidole changu kilikuwa kwenye waya wa tatu muda wote, mpaka kikafa ganzi. Mkurugenzi alijibu maswali saba. Alipomaliza shati lake lilikuwa limeshikamana na mgongo.

Jibu lilikuwa: subirini tena.

Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi niliomba niishike ile barua. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota, kwa hiyo niliisoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka sahihi. Sababu zilibaki nne. Kisha nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda Buterere na nakala.

Mvua ilikuwa imenyesha. Mzee Salvatori alikuwa ndani ya ghala amekunja suruali hadi magotini, anapanga matofali chini ya rafu. Kila rafu aliipandisha juu ya maji, tofali tatu tatu, na rejista zote alizipeleka juu kabisa. Hatukuwa tumeonana tangu alipohamishwa. Nilikuwa nimetuma salamu. Kwenda mwenyewe nilikuwa sijaweza.

"Wametukataza?" aliuliza.

"Wamesema tusubiri."

"Iyo si kukataza." Akaketi juu ya matofali. "Soma mwisho."

Nikamsomea mwisho.

"Ile sentensi yetu iko?"

"Haiko, mzee."

"Rudia."

"Sentensi yetu haiko."

Akatikisa kichwa kama alivyokuwa akifanya ujumbe ukishaandikwa sawa. Hapo nikasema lile nililokuja nalo, kwamba ule ukurasa ulikuwa wangu, kwamba nilikwenda kwa Mkurugenzi nikasema, lakini siku ya tatu.

"Najua," alisema. "Aliniambia." Akachukua tofali jingine. "Shefu alichelewa dakika arobaini. We ukachelewa siku tatu. Leta iyo tofali iko nyuma yako."

Nilimsaidia mpaka rafu ya mwisho. Hatukulizungumza tena, siku ile wala nyingine, na nilikwenda kwake mara nyingi baada ya hapo.

Jibu la kukubaliwa lilipokuja mimi ndiye niliyeunganisha simu. Elibariki alisema, "Dada, niunganishe na mkuu wako, na kabla hujaniuliza, ni saa yetu." Mkurugenzi alilia kidogo, akajifuta kwa tai. Sitasema kwamba kila kitu kilikuwa kizuri tangu hapo. Kassim alisema meli ziliongezeka, kisha akasema karatasi nazo ziliongezeka. Yote mawili ni kweli.

Mzee Salvatori alifariki akiwa amestaafu, nami sikuwa nimewahi kufanya lile nililopaswa kufanya. Jumatano ya wiki yangu ya mwisho nikaenda Buterere. Mlinzi wa ghala aliniambia kwamba katika mafuriko makubwa kabisa maji yalifika tofali la pili, na hakuna rejista hata moja iliyolowa. Nikaitafuta yangu, nikaupata ukurasa. 9h00, mistari miwili, alama ya penseli iliyovunjika. Chini, sahihi ya mzee. Mwisho wa mstari, wazi.

Nadine, sheria inakataza kugusa rejista iliyofungwa, na mimi nimeifundisha sheria hiyo kwenu wote. Kwa hiyo ninaandika hapa nilichofanya, ili asiulizwe mlinzi. Niliandika jina langu mahali pake. Pembeni nikaweka tarehe ya siku ile ile ya Jumatano, mtu asije akadhani niliandika zamani, na nikaweka wakati: saa tano na robo, saa ya mji.